Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Msaada Wakati wa Njaa, Mafuriko, Ukimbizi na Magonjwa: Mtwara na Lindi

Maswali haya sisi watu wa misaada tumeyaokota kwenye meza za kuandikishia watu, chini ya miembe, kwenye baraza za ofisi za vijiji na kwenye foleni za maji, kuanzia Kilwa mpaka Nanyumbu. Mengine tumeulizwa mara nyingi hadi tunayajibu kabla mtu hajamaliza kuuliza, jambo ambalo si haki, maana kila anayeuliza ana shida yake. Tumeyaandika ili usome kwa nafasi, umsomee na bibi asiyeona vizuri, kisha uje mezani ukijua unachostahili.

## Mambo ya mwanzo

1. Msaada wa kibinadamu ni nini? Ni sawa na TASAF?

Si sawa. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, hutoa ruzuku kwa kaya zilizotambuliwa kuwa maskini, mwaka baada ya mwaka, iwe kuna mafuriko au hakuna. Msaada wa kibinadamu huja kwa sababu ya tukio: maji yamebeba nyumba, ugonjwa umelipuka, mavuno yamekufa, watu wamekimbia vita. Lengo lake ni watu wasife na wasidhalilike mpaka waweze kusimama tena.

Kwa hiyo kaya iliyo kwenye TASAF inaweza kupata msaada wa maafa, na isiyo kwenye TASAF pia inaweza. Mwalimu mwenye mshahara ambaye nyumba yake imesombwa usiku ni mwathirika kama jirani yake. Tumeona watu wakirudishwa kwa kuambiwa "wewe una TASAF, inatosha". Ukiambiwa hivyo, tazama swali la 18.

2. Maafa yakitokea, nianzie kwa nani?

Anzia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mjini ni mwenyekiti wa mtaa. Huyo ndiye anayejua nyumba yako ilisimama wapi kabla maji hayajaichukua. Yeye na mtendaji wa kijiji huandika taarifa inayopanda kwenye kata, kisha halmashauri, hadi kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Mpangilio huu upo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na kitaifa mratibu ni Ofisi ya Waziri Mkuu.

Wengi hukimbilia wilayani moja kwa moja kwa sababu ndiko magari ya misaada yanakoonekana. Nauli inaliwa bure, maana wilayani utaulizwa barua ya kijiji. Kabla hujazoa tope, piga picha kwa simu, yako au ya kuazima: ukuta ulioanguka, ghala lililolowa, mipaka ya shamba. Mwambie mwenyekiti aandike jina lako mbele yako, wewe mwenyewe ukiona.

3. Vitambulisho vyangu vyote vimekwenda na maji. Nitaandikishwa?

Utaandikishwa. Kitambulisho cha NIDA hurahisisha kazi, lakini kukikosa hakumwondolei mtu njaa. Mwenyekiti na majirani wawili watatu wakikushuhudia, inatosha kwa hatua ya kwanza. Kisha nenda polisi upate taarifa ya upotevu, ambayo ndiyo itakusaidia kufuatilia nakala za vyeti.

Mama mmoja alifika mezani amekumbatia kadi ya kliniki ya mwanawe. Alikuwa ameiviringisha ndani ya mfuko wa sukari, akaufunga kwa uzi wa khanga. Alikuwa ameacha vyombo, ameacha kitanda, kadi hiyo hakuiacha. Kwenye kadi mlikuwa na jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, kijiji na chanjo zote. Tulimwandikisha kwa hiyo kadi peke yake. Tangu siku hiyo kila masika tunawaambia watu: vyeti, kadi za kliniki na daftari la chama cha msingi cha ushirika viwekwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango.

4. Je, kuna malipo?

Hakuna. Kuandikishwa ni bure, mgao ni bure, fomu ni bure. Anayekudai "hela ya wino" au "ya mafuta ya gari" anakuibia. Tazama swali la 19.

## Njaa na chakula

5. Mikoa yetu ina korosho na ufuta. Kwa nini mtu alale njaa?

Swali hili huulizwa na wageni, lakini na vijana wetu pia, tena kwa uchungu.

Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili au Mei. Korosho inauzwa mnadani kuanzia Oktoba, fedha inaingia, inalipa madeni ya salfa ya mikorosho, ada, mabati na sherehe. Mwezi wa pili unafika, chakula cha mwaka jana kimekwisha na kipya bado kiko shambani kibichi. Hiyo ndiyo miezi migumu, na ndiyo hiyo hiyo ya mafuriko, malaria na kuhara. Mwaka ambao mvua imekatika katikati, au bei ya korosho imeshuka, au malipo yamechelewa, shimo linakuwa refu. Ongeza nguruwe pori kwenye muhogo, na kwa wenzetu wa Liwale na Nachingwea, tembo: usiku mmoja wanamaliza shamba la familia nzima.

Wazee wetu walikuwa na akiba ya porini, ming'oko, aina ya viazi pori. Hadi leo utawaona kina mama wakiichimba na kuiuza imechemshwa kando ya barabara. Ni chakula kizuri na hakuna aibu kukila. Lakini ukiona kaya inaishi kwa ming'oko wiki nzima, asubuhi na jioni, hiyo ni dalili. Mwambie mtendaji asisubiri watoto wavimbe miguu.

6. Mgao wa chakula huwa kiasi gani?

Kipimo kinachotumika na mashirika mengi ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa kawaida hiyo huwa takribani gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharage au kunde, mafuta kidogo na chumvi. Piga hesabu: kaya ya watu watano kwa siku 15 ni nafaka kilo 30. Ukipewa kilo 10 ukaambiwa ndizo za nusu mwezi, uliza kwa nini. Pengine chakula kimekuja pungufu na wote wamepunguziwa sawa, pengine sivyo.

Kuna njia mbili nyingine ambazo watu hawazijui. Moja ni mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambayo serikali huyapeleka sehemu zenye upungufu yauzwe kwa bei nafuu. Hayo hununuliwa, hayagawiwi bure, na si wizi ukiambiwa ulipie. Nyingine ni fedha kwenye simu badala ya gunia. Pale soko linapofanya kazi, sisi tunaona fedha ni bora: mama ananunua samaki, chumvi, sabuni, na mwenye duka wa kijijini naye anapata.

7. Ni kweli muhogo wa wakati wa njaa unaweza kupoozesha miguu?

Ni kweli, na hili tungependa lisomwe kwa sauti kila kijiji.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Miaka yote mama zetu wamejua kuitoa: kumenya, kuloweka au kuanika siku nyingi hadi makopa yakauke sawasawa, kisha kutwanga. Wakati wa ukame mambo mawili hukutana. Muhogo wenyewe unaongeza sumu kwa kukosa maji, na watu wenye njaa hawana siku za kusubiri. Wanaanika leo, wanatwanga kesho, wanasonga ugali usiku. Ugali huo unaliwa bila samaki wala kunde, na mwili unahitaji protini ili kuivunja sumu. Ukiendelea hivyo kwa wiki kadhaa, mtoto au mama kijana anaamka asubuhi miguu imekakamaa, hatembei. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Hauna dawa ya kurudisha miguu. Mkoa wa Mtwara umewahi kuupata, ikiwemo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wapo watu wazima leo wanaotembea kwa magongo kwa sababu ya ugali wa utotoni, na baadhi ya jamaa zao bado wanaamini walirogwa.

Kuna njia rahisi ya kupunguza sumu iliyobaki kwenye unga. Weka unga mkavu kwenye bakuli, tia alama ya mkaa pale ulipofikia. Mimina maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye ile alama, acha. Utandaze kwenye mkeka au ungo, unene usizidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inapaa na hewa. Songa ugali siku hiyo hiyo, usiuweke ulale. Akina mama tuliowaonyesha walisema ladha inakuwa nzuri zaidi, uchungu unaisha. Kinachotakiwa ni maji, jua na kipande cha mkaa.

8. Nitajuaje mtoto wangu ana utapiamlo mkali?

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana utepe wa kupima mkono wa juu, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 utepe unaonyesha nyekundu: ni utapiamlo mkali, mtoto aende kituo cha afya leo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano: anahitaji chakula cha nyongeza na kufuatiliwa.

Huna utepe? Bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, hesabu hadi tatu polepole, achia. Kishimo kikibaki miguu yote miwili, mtoto ana uvimbe wa utapiamlo hata kama anaonekana mnene. Wengi hudanganywa na hao "wanene". Nywele zinazobadilika rangi na kukatika, na mtoto aliyeacha kucheza, ni dalili nyingine.

9. Mtoto amepewa chakula dawa, kile cha pakiti cha kutibu utapiamlo mkali. Ndugu zake nao wana njaa, niwagawie?

Tunajua kwa nini unauliza. Kumlisha mmoja wenzake wakitazama ni jambo zito kwa mama yeyote. Lakini pakiti ile ya gramu 92 ina kilokalori 500, vitamini na madini yaliyopimwa kwa mgonjwa huyu, na ikigawanywa kwa wanne haimponyi hata mmoja. Ichukulie kama dozi ya malaria. Kwa hao wengine, sema wazi kliniki kwamba nyumbani hakuna chakula, ili kaya iingizwe kwenye mgao. Mpe mgonjwa chakula dawa kabla ya chakula cha kaya, na maji safi ya kunywa.

## Kuhama na kuhifadhiwa

10. Tunahifadhiwa shuleni. Tutakaa mpaka lini?

Shule ni hifadhi ya siku chache. Watoto wanapaswa kurudi darasani, kwa hiyo halmashauri hutafuta mahema au eneo jingine. Januari 2020 Kilwa ilipofurika, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, kilichochelewesha msaada mara nyingi kilikuwa njia ya kukifikia kijiji, si kukosa huruma. Uliza mapema ni wapi mtahamishiwa, na kama kiwanja kipya kiko juu ya mkondo wa maji.

Popote mtakapowekwa, kuna viwango vinavyokubalika duniani: mita za mraba 3.5 za kulala kwa kila mtu, lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, na vyoo vya wanawake vitengwe, viwe na komeo ndani na mwanga usiku. Komeo linaonekana dogo. Waulize mabinti.

11. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitangaza kimbunga, nihame kweli? Kimbunga Kenneth hakikuja.

Kenneth kilikuja, kilipiga ng'ambo. Aprili 25, 2019 Mtwara ilionywa, watu wakahama, na kimbunga kikaingia jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, kikaua na kuangusha nyumba za watu wanaosema Kimakonde kama sisi. Na Lindi ilishapigwa na kimbunga Aprili 1952. Ukiambiwa hama, hama.

12. Wanaokuja kutoka Msumbiji ni wakimbizi au wageni tu?

Mtu aliyevuka mpaka kwa kukimbia vita au mateso anaweza kuomba hifadhi, na Tanzania imeridhia mkataba wa kimataifa wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969. Sheria yetu ni Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Anayeamua kama mtu ni mkimbizi ni serikali, kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani. Kijiji hakiamui, wala sisi wa misaada.

Vita ya Cabo Delgado ilianza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na mamia ya maelfu ya watu wamehama makwao. Wengi walibaki ndani ya Msumbiji. Wengine walivuka mto Ruvuma. Sisi nasi tuliumia: Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya kilivamiwa. Kwa hiyo hofu ya watu wa mpakani ni ya kweli, na tunaielewa. Lakini mama mwenye watoto watatu aliyelala porini siku sita amekimbia watu wale wale waliochoma Kitaya.

Wazee wa Lindi wanakumbuka kwamba si mara ya kwanza. Miaka ya 1960 Rutamba ilipokea Wamsumbiji waliokimbia vita ya ukombozi, na nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1975 wengi walirudi.

13. Ndugu yangu amevuka mto, yuko kwangu. Nimevunja sheria?

Kumpa maji na chakula si kosa. Kumficha ndiko kutakakowaletea matatizo, yeye na wewe. Sheria inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze kwa mtendaji wa kijiji, hakimu au ofisa aliyeidhinishwa ndani ya siku saba tangu aingie. Nenda naye, siku ya kwanza kama inawezekana, tena mchana, ukiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Aseme ukweli ametoka wapi, kwa nini, na amekuja na nani.

Asijiandikishe kama Mtanzania ili apate mgao. Tunajua mjomba ni mjomba, upande wowote wa mto, na ukoo haukuchorwa na waliochora mpaka. Hata hivyo, uongo huo ukigundulika utamharibia ombi lake la hifadhi.

14. Mtoto amepatikana peke yake. Tumfanyeje?

Akae kwa familia inayojulikana na kijiji, si kwa mgeni anayejitolea kumsafirisha mjini. Mpigie ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au namba ya bure 116 ya msaada kwa watoto. Andika anachokumbuka kabla hajasahau: jina la mama, jina la mwalimu, kitu kilicho karibu na kwao. Chama cha Msalaba Mwekundu kina huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana, na hufanya kazi hadi ng'ambo ya mpaka.

## Magonjwa

15. Mtu anaharisha maji kama ya mchele. Nifanye nini kwanza?

Mnyweshe, papo hapo, kabla hujatafuta bodaboda. Kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, na kinaweza kumaliza mtu mzima mwenye nguvu kwa saa chache. Pakiti moja ya ORS, unga wa kurudisha maji mwilini, kwa lita moja ya maji safi. Huna pakiti? Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Usizidishe chumvi. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea kidogo kidogo kwa kijiko. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na kituoni ataongezewa vidonge vya zinki.

Halafu mpeleke kituoni na toa taarifa. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Kuna familia huficha kwa kuogopa kwamba msiba utazuiwa au kijiji kitatengwa. Tafadhali msifiche. Mgonjwa mmoja aliyefichwa kando ya kisima ni wagonjwa kumi wiki ijayo.

16. Maji yetu ni ya kisima cha wazi. Tutibu vipi?

Chemsha hadi yatokote, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, usubiri nusu saa. Maji yenye tope chuja kwanza kwa khanga safi iliyokunjwa mara nne, kwa sababu klorini huishia kwenye tope. Chota kwa kata yenye mpini mrefu, si kwa kikombe kinachoingia na vidole.

Kwa walio juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji yenyewe ni ya kutafuta, paa la bati na tangi la mvua vinasaidia. Mvua ya kwanza iachwe isafishe bati.

17. Homa ya mgunda ni nini, na inahusiana vipi na mafuriko?

Julai 2022 wilaya ya Ruangwa ilitikisika: watu wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani, na mwanzoni hakuna aliyejua ni nini. Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ni homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki. Vimelea vyake hukaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, huingia kwenye maji na udongo, kisha kwa mtu kupitia mchubuko, macho au mdomo. Baada ya mafuriko panya huhamia majumbani na watu wanatembea pekupeku kwenye tope, ndiyo maana tunakumbusha: vaa viatu, funika kidonda, funika chakula. Inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa. Ukipima malaria ikakosekana na homa ipo, mwambie daktari ulikuwa kwenye maji ya mafuriko. Asipojua hilo hatalifikiria.

Na kama unatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu, kisukari au presha, usikae kimya kwa sababu zimesombwa. Kituo chochote cha tiba kilicho karibu kinaweza kukupa za kuanzia.

## Malalamiko na mambo magumu

18. Jina langu halipo kwenye orodha. Nifanye nini?

Orodha inapaswa kusomwa hadharani, mkutano wa kijiji, kabla ya mgao. Palepale nyosha mkono. Ukikosa, andika malalamiko kwa mtendaji wa kijiji, upate nakala yenye tarehe, kisha kata, kisha halmashauri. Mashirika mengi pia hubandika namba ya malalamiko kwenye eneo la mgao; ikiwa haipo, idai.

Mimi mwenyewe nimewahi kuruka jina la mzee mmoja kwa sababu siku ya kuandika alikuwa amelala kwa jirani, mgonjwa, na hakuna aliyemtaja. Alikaa siku nne bila mgao. Tangu hapo tunauliza kila kitongoji: nani haji kwenye mkutano? Mlemavu, mjane aliye kwenye eda, mwenye kulea mgonjwa, mfugaji aliye mbali. Majina hayo tunayaandika kwanza.

19. Anayeandikisha anataka "chochote", au anataka tulale pamoja.

Kudai fedha ni rushwa, na kudai ngono ni rushwa pia kwa sheria ya mwaka 2007. Piga TAKUKURU 113, bure. Kwa lililokwisha kutendeka, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na hospitalini kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafanya kazi ndani ya muda huo. Ukihitaji matibabu, usiache matibabu yasubiri polisi. Kosa si lako, na mgao wako haupotei kwa kulalamika.

20. Mume ana wake wawili, nyumba mbili. Ni kaya moja au mbili?

Mbili, ikiwa wanapika vyungu viwili. Tunaandika kwa chungu, na kila mke anaandikwa kichwa cha kaya yake. Mume anahesabiwa mara moja tu, pale anapolala zaidi. Hii imezuia ugomvi mwingi, na imezuia gunia kuishia nyumba ndogo.

21. Niko Dar es Salaam, nataka kusaidia nyumbani. Nitume nguo?

Uliza kwanza. Marobota ya nguo huchukua nafasi ya gari, na sweta nzito haina kazi Kilwa mwezi wa kwanza. Fedha hufika siku hiyo hiyo. Ukitaka kutuma vitu, vinavyokosekana karibu kila mara ni ndoo zenye kifuniko, sabuni, vyandarua, khanga, taulo za kike na nguo za ndani mpya.

Usitume maziwa ya kopo. Bila maji salama na chupa safi huleta kuhara, na mama aliyekuwa ananyonyesha anaacha. Mlishe mama, naye atamnyonyesha mtoto. Na ukija kugawa, usimpige mtu picha akipokea gunia kabla hujamwomba. Akikataa, mpe gunia lake.

22. Naweza kuuza sehemu ya msaada?

Watu huuza mafuta ili wapate nauli ya hospitali, na hatumlaumu mtu kwa hilo. Tuambie tu, kwa sababu inaonyesha tumeleta kitu kisicho sahihi. Kinachokatazwa ni mgawaji au mfanyabiashara kukusanya magunia ya msaada na kuyapeleka dukani. Chakula dawa na vyandarua visiuzwe kabisa.

23. Mgao umekwisha, maji yamekauka, lakini mbegu tulikula. Tufanyeje?

Omba mbegu mapema. Wengi hukumbuka mvua ikiwa imeshaanza, na gari la mbegu likifika Januari limefika kupamba ghala. Ikifika Septemba, kijiji kiwe kimeshapeleka orodha kwa ofisa kilimo wa kata: mtama, kunde, choroko, mbaazi, na mbegu za muhogo zilizokatwa kwenye shamba lisilo na ugonjwa wa batobato. Taja eneo la kila kaya kwa ekari, na nani hana jembe.